Beringi ya Mkokoteni Haifi Siku Moja



Katika somo hili tutajifunza juu ya beringi za gurudumu la mkokoteni wa punda: jinsi ya kujua zimechakaa, jinsi ya kuzibadilisha, na jinsi ya kuisoma beringi iliyokufa ili kujua ni nini kiliiua. Somo ni la kikundi chote. Mwenyekiti akae, mweka hazina akae, na kijana anayeongoza punda akae mbele kabisa.

Tunalileta kwa sababu ya jambo ambalo tumelisikia mara nyingi katika mikutano. Kikundi kina mkokoteni mmoja. Wanachama wanautumia kwa zamu, leo maji, kesho viazi, keshokutwa mawe ya kujengea. Na sheria ya kikundi inasema: mkokoteni ukiharibika, aliyekuwa nao siku hiyo ndiye atakayelipa. Sheria hii inaonekana ya haki. Halafu siku moja gurudumu linachomoka kwa mlima likiwa mikononi mwa mama mjane aliyebeba mitungi sita ya maji tu. Jana yake mkokoteni ulikuwa umebeba magunia kumi na tano ya waru na hakuna aliyesema kitu. Mama analipa, au anaacha kikundi. Tumeona yote mawili.

Hebu tupige hesabu kidogo. Gurudumu lenye tairi ya gari dogo, ile ya rimu ya inchi 13, linazunguka karibu mara 550 kwa kila kilomita moja. Ukienda sokoni kilomita tano na kurudi tano, limezunguka kama mara 5,500. Mkokoteni wenye uzito wa kilo 150 ukipakiwa magunia kumi ya kilo 50, kila gurudumu linabeba zaidi ya kilo 300. Uzito huo wote unakaa juu ya vijiti vidogo vya chuma ambavyo unaweza kuvishika kwenye kiganja kimoja. Basi beringi ikifa leo, imekuwa ikifa kwa miezi. Kila mwanachama aliyepanda na mkokoteni amekula sehemu yake.

BERINGI NI NINI

Mikokoteni yetu mingi imetengenezwa na mafundi wa jua kali kwa ekseli ya pikapu au gari kuukuu. Gurudumu limefungwa kwa nati juu ya habu, na habu inazunguka juu ya ncha ya ekseli. Katikati ya habu na ncha hiyo kuna beringi mbili, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Kila moja ina sehemu mbili. Kuna pete ya ndani iliyozungukwa na roli, yaani vile vijiti vya chuma vilivyolala kimshazari ndani ya kizimba chake. Na kuna kikombe, pete ya nje iliyogongwa ndani ya habu ikakaza, ambayo roli zinatembea juu yake. Aina hii ya roli za mshazari ilipata hataza huko Marekani mwaka 1898, na aliyeivumbua, Henry Timken, alikuwa mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na wanyama. Kumbe hata mwanzo wake ilitoka kwa watu kama sisi. Mshazari ule una kazi: mkokoteni ukilala upande kwenye barabara mbovu, beringi inabeba uzito wa juu na ule wa ubavuni pia.

Nyuma ya beringi ya ndani kuna sili, ule mpira wa kuzuia grisi isitoke na tope lisiingie. Mbele kuna kifuniko cha bati. Vitu hivi viwili ni vya bei ndogo, na ndivyo vinavyopuuzwa kuliko vyote. Mkokoteni usio na kifuniko mbele unakula vumbi la kiangazi chote, na vumbi likichanganyika na grisi linakuwa kama msasa.

KUPIMA KABLA YA MAVUNO

Viazi vya mvua za Machi tunavivuna kuanzia Julai hivi, na vile vya Oktoba tunavivuna kuanzia Januari. Basi miezi ya kufungua magurudumu ni Juni na Desemba, wakati mkokoteni hauna kazi kubwa. Usingoje siku lori la mnunuzi liko barabarani na magunia yako shambani.

Kupima hakuhitaji fundi. Fungua punda kwanza, waende wale majani. Weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu lile lingine. Inua upande mmoja kwa jeki au kwa mti mrefu, kisha weka gogo imara chini ya ekseli. Mtu asiingie chini ya mkokoteni uliosimama kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Sasa shika tairi, mkono mmoja juu na mwingine chini, usukume na kuvuta. Ukisikia “tok, tok”, kuna nafasi. Inaweza kuwa nati imelegea tu, inaweza kuwa beringi imekwisha. Halafu zungusha gurudumu pole pole huku kiganja kingine kimekaa juu ya ekseli karibu na habu. Beringi nzima inapita laini kama maji. Mbovu utaihisi kwa kiganja kabla ya kuisikia kwa sikio: inakwaruza, au inashika mahali fulani kila inapofika pale pale. Angalia pia upande wa ndani wa rimu. Ukiona grisi imeruka pale, sili imekufa.

Kuna kipimo kingine cha barabarani. Ukifika baada ya safari, gusa habu zote mbili kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu si neno. Moja ikiwa ya moto na nyingine baridi, usiupakie tena mpaka uifungue.

KUFUNGUA NA KUSOMA

Tayarisha gunia safi la kuweka vitu, spana, koleo, nyundo, tindo butu, mafuta ya taa, matambara, grisi ya beringi, sili mpya na pini mpya ya kupinda. Usioshe kwa petroli. Na usafi si jambo la kujionyesha hapa: punje moja ya mchanga ndani ya beringi mpya inatosha kuanza kuiua.

Toa kifuniko, nyoosha pini na uichomoe, fungua nati na washa. Vuta gurudumu kidogo, beringi ndogo itatoka mbele, uipokee kwa mkono. Kisha toa gurudumu zima, ng'oa sili, toa beringi ya ndani. Osha zote kwa mafuta ya taa, zikauke. Sasa leta kikundi karibu, maana hapa ndipo beringi inapoongea.

Ukiona vishimo vyekundu vya kutu kwenye roli au kikombe, maji yaliingia. Mara nyingi ni kuvuka mto habu zikiwa moto baada ya safari. Habu ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani inajikunja na kuvuta maji kupitia kwa sili iliyochoka. Dawa yake ni kupumzisha mkokoteni kabla ya kuvuka, na kubadilisha sili.

Ukiona chuma kimegeuka rangi ya samawati au kahawia, iliungua. Grisi iliisha, au nati ilikazwa kupita kiasi. Mwulize aliyeifunga mwisho, bila hasira.

Ukiona ngozi ya chuma imebambuka vipande kwenye kikombe, kama rangi ya ukuta wa zamani, ni uchovu wa uzito. Beringi imefanya kazi yake ikazeeka, au imezeeshwa mapema kwa magunia mengi. Kubambuka kukiwa upande mmoja tu wa kikombe, ukague kama ekseli imepinda.

Ukiona alama za kubonyea zilizopangana sawa na nafasi ya roli, kuna aliyepiga nyundo mahali pasipofaa wakati wa kuifunga, au gurudumu lilidondoka kwenye shimo kubwa likiwa na mzigo mzito.

Na ukiona chuma kimelainika na kupoteza mng'aro, pasipo vishimo, hilo ni vumbi.

Tazameni basi. Katika hayo yote hakuna hata moja linaloonyesha jina la mtu aliyekuwa na zamu jana. Yanaonyesha mazoea ya miezi mingi. Tunashauri kila kikundi kihifadhi beringi iliyotolewa, kiifunge kwa karatasi na tarehe, na kiilete mkutanoni kabla mtu yeyote hajatozwa pesa.

KUNUNUA

Chukua beringi ya zamani pamoja na kikombe chake, uende nazo dukani. Namba imechongwa au kuandikwa ubavuni. Katika beringi za vipimo vya milimita, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata upana wa tundu: 30206 ni milimita 30, 30205 ni 25. Hesabu hii inaanzia 04 kwenda juu. Za vipimo vya inchi zina namba tofauti kwa beringi na kwa kikombe, kwa mfano LM11949 inakaa katika LM11910. Ziandike zote mbili.

Hesabu hiyo hiyo inafaa kwa beringi za gololi zilizo kwenye wilbaro na mikokoteni midogo ya mkono: 6204 ni milimita 20, 6205 ni 25. Na namba hizi ni za dunia nzima. Huko Kanada watu wanaendesha pikipiki za theluji, zinazotembea kwa mkanda mpana wa mpira unaopita juu ya vigurudumu vidogo, na ndani ya vigurudumu vingi vya aina hiyo utakuta 6205, sawa na yako. Wao wanalia juu ya maji ya theluji kuingia ndani, sisi tunalia juu ya tope. Ukiona herufi 2RS baada ya namba, ina mpira pande zote mbili na haihitaji kupakwa grisi. Ikichakaa inatupwa. ZZ ina bati pande zote mbili.

Usinunue beringi mpya ukairudishia kikombe cha zamani. Mwenye duka mwingine atakuambia, “Mama, kikombe bado kiko sawa, okoa pesa.” Roli mpya zikitembea juu ya kikombe chenye vishimo zitapata vishimo hivyo hivyo kwa muda mfupi, na utanunua tena.

Jihadharini na bandia. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu 2008, lakini sheria haiingii dukani pamoja nawe. Angalia maandishi: yakifutika kwa kidole, au beringi haina namba kabisa, au bei yake ni ndogo sana kuliko ya maduka mengine mawili, iache. Chukua risiti kwa jina la kikundi.

KUFUNGA

Kabla ya kufunga, kagua ncha ya ekseli. Pitisha ukucha juu yake. Beringi mpya iingie kwa mkono bila kucheza cheza. Ikiwa ncha imelika mpaka beringi inayumba, hapo kazi imeshapita mikono yetu. Ni ya fundi mwenye mashine ya kuchomelea na ya kukereza. Msikubali ile dawa ya kufunga kipande cha bati la kopo chini ya beringi, au kupigapiga ncha kwa tindo ili ivimbe. Itashika wiki mbili, kisha itazunguka juu ya ekseli na kuila zaidi. Beringi mbili na sili ni gharama ndogo kando ya ekseli, na ndiyo maana tunasema zibadilishwe zinapoanza kukwaruza.

Toa vikombe vya zamani kwa kuvigonga kutoka upande wa pili wa habu, huku na huku kwa zamu, visikwame upande. Futa habu iwe safi. Kikombe kipya kinaingia mdomo wake mpana ukitazama nje, kule beringi itakapoingilia. Kilalishe sawasawa, weka kikombe cha zamani juu yake kama kinga, gonga pole pole ukizunguka. Sikiliza nyundo: mwanzoni inalia kama kengele, kikombe kikifika chini sauti inakuwa nzito na fupi. Hapo acha. Roli zenyewe hazigongwi kamwe. Kwa beringi ya gololi inayoingia kwenye habu ya wilbaro, sukuma pete ya nje peke yake, maana ukigonga pete ya ndani nguvu inapita kwenye gololi na kuzibonyeza.

Grisi haipakwi juu juu kama siagi kwenye mkate. Weka donge katika kiganja, shika beringi, na ukandamize upande wake mpana kwenye donge mpaka uone grisi inatokea upande mwembamba, katikati ya roli. Geuza kidogo, rudia, mpaka umezunguka yote. Paka kidogo ndani ya vikombe. Nafasi ya katikati ya habu usiijaze. Nusu inatosha, kwa maana grisi nyingi mno inapasha joto na kusukuma sili nje. Sili inaingia mdomo wake ukitazama ndani, upande wa grisi.

Sasa kukaza, ambako ndiko beringi nyingi mpya huuawa. Nati ya beringi za roli haikazwi kwa nguvu kama nati za tairi. Kaza kwa spana mwenzako akizungusha gurudumu, mpaka lianze kuwa zito. Roli zimekaa mahali pake. Legeza nati mpaka gurudumu liwe huru. Kaza tena kwa vidole peke yake. Tundu la pini lisipolingana na meno ya nati, legeza kidogo mpaka lilingane, usikaze. Ukitikisa tairi utahisi mchezo mdogo sana, kama wa unene wa karatasi. Uacheni, ndio unaotakiwa.

Pini iwe mpya na ipindwe vizuri. Msumari si pini. Msumari unakatika, nati inazunguka pole pole na kutoka, na gurudumu linakwenda njia yake. Kama kuna mteremko, punda ndiye anayeumia kwanza, na punda siku hizi si wa kuchezea. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 katika Kenya, na ile ya 2019 ikahesabu takriban milioni 1.2. Katikati ya miaka hiyo, kuanzia 2016, vichinjio vya kuuza ngozi na nyama nje vilifunguliwa, na wizi wa punda ukaongezeka. Aliyempoteza punda anajua kumpata mwingine kunachukua muda gani.

Baada ya siku ya kwanza ya kazi, inua tena upime. Beringi mpya hujikalia, na nati inaweza kuhitaji kusogezwa kidogo.

Juu ya tairi na rimu tuseme machache. Pande zote mbili ziwe za kipimo kimoja, la sivyo mkokoteni unalala na beringi ya upande wa chini inabeba zaidi. Rimu yenye matundu yaliyopanuka au ufa ibadilishwe, isichomelewe juu juu. Nati za gurudumu zikazwe kwa kuvuka: moja, kisha ya mkabala wake. Na upepo uwe wa kutosha. Tairi laini ni mzigo kwa punda kuliko hata beringi iliyochoka.

PESA ZITOKE WAPI

Vikundi vingine vimeacha sheria ya “aliyekuwa nao alipe”. Badala yake kila safari ina mchango mdogo, uliokubaliwa na wote, na mzigo mkubwa unachangia zaidi ya mdogo. Kuna daftari linalofungwa pamoja na mkokoteni: tarehe, jina, magunia au mitungi, na kama habu ilikuwa moto. Namba za beringi zimeandikwa kwa rangi chini ya ubao, ili hata mweka hazina akiwa safarini mtu aweze kununua. Wanachama wawili wamefundishwa kupima na kufunga, mmoja awe mama. Mwanachama aliyezidisha magunia dhidi ya makubaliano, au aliyepita mtoni bila kupumzisha habu, anaonywa kwa jambo hilo lenyewe siku hiyo hiyo, isingojwe siku ya kuvunjika. Kanuni za viazi za 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, basi kuhesabu magunia ni kuhesabu kilo, ilimradi msikubali yale ya kuongezwa shingo.

MASWALI YA KIKUNDI

Someni somo hili pamoja, kisha mjadiliane. Mkokoteni wetu ulifunguliwa habu mara ya mwisho lini, na nani anakumbuka? Vifuniko vya bati vipo pande zote mbili? Nani alilipa mara ya mwisho ulipoharibika, na je, beringi ile ilionyesha kutu, kuungua, au uzito? Kama aliyelipa hakuwa na kosa, kikundi kiko tayari kumrudishia kiasi gani, na kufikia mwezi gani?